Jiwe la Kuvulia Buti

Wasifu wa baba niliusoma mimi siku ya mazishi, kwa sababu kaka alikuwa amekaukiwa sauti na sisi watoto wa marehemu tuko wawili tu. Ulikuwa ukurasa mmoja, upande mmoja. Alizaliwa, akasoma kidogo, akaingia jeshini, akarudi, akaajiriwa idara ya maji, akaoa, akapata mtoto wa kiume na wa kike, akafiwa na mke, akastaafu, akaugua moyo. Mstari wa mwisho ulisema: "Alifariki ghafla langoni kwake, akirejea kutoka matembezini." Nilipofika hapo nilikohoa. Watu wakadhani ni uchungu, mama mmoja akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki.

Mstari ule si uongo. Ila niliukata nusu, na nusu iliyobaki nikaibana kifuani miezi miwili na zaidi. Mimi ni fundi cherehani. Nguo niliyoikosea siwezi kumpa mteja nikalala usingizi, lazima niifumue. Basi nafumua, na atakayenichukia anichukie.

Mtaani walimwita Koplo. Cheo chenyewe alikiacha kambini kabla mimi sijazaliwa, lakini jina lilimganda. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye matege kidogo, na alitembea kama mtu aliyechelewa hata alipokuwa anaenda bafuni. Mkono wake wa kulia ulirudi kutoka vitani ukiwa na vidole viwili, gumba na cha kati. Watoto wa mtaani walipomuuliza vingine viko wapi, aliwaambia vimebaki kulinda mpaka. Sisi wa nyumbani tulipomuuliza, alisema tule, chakula kinapoa.

Kwa vidole hivyo viwili alifanya kila kitu. Alifunga kamba za buti, alinyoa ndevu, alimkata kaka nywele, alitunga uzi kwenye sindano zangu macho yangu yalipoanza kuchoka. Ukimsaidia bila kuombwa alikukazia macho mpaka unarudisha kitu mahali ulipokitoa. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni huyo. Siku atakayoomba msaada mjue mambo yameharibika."

Kazi yake ilikuwa kukagua bomba kuu la maji, lile linaloshuka kutoka kwenye chemchemi huko juu mlimani mpaka kwenye tangi la mji. Kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, siku sita kwa wiki, miaka ishirini na mitatu. Alibeba begi la turubai, spana mbili, vipande vya mpira wa kufungia penye nyufa, na fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono. Fimbo hiyo aliisimamisha juu ya bomba, akaegemeza sikio kwenye ncha yake, akafumba macho. Bomba lililofukiwa chini kabisa likivuja, yeye alisikia. Safari moja wahandisi walikuja na mashine yao ya kupimia, wakapita nayo, wakasema hapa pazima. Baba akasema chimbeni. Wakachimba shingo upande, na kabla jembe halijafika magotini maji yakawarukia usoni. Hiyo hadithi aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka wahandisi waliongezeka.

Idara ilimpa pikipiki. Aliipanda mwezi mmoja akairudisha na mafuta yake ndani. Mama akamjia juu, wenzako wanaililia wewe unairudisha, una akili kweli? Baba akamwambia, "Mama watoto, pikipiki haisikii kitu." Ukweli ni kwamba alitaka kutembea. Baba alipenda kuwa nje kupita kiasi. Nyumba kwake ilikuwa pa kuwaweka watu wake wasinyeshewe. Yeye mwenyewe alilala barazani kwenye kitanda cha kukunja, na mvua ikimfuata alisogeza kitanda kidogo tu. Kila alipotoka mlimani alirudi na kitu cha mama mfukoni, mara nyingi yale matunda meusi madogo yanayoota kando ya chemchemi, yakiwa yameshapondeka na kuharibu shati. Mama alilalamikia shati, na matunda alikula yote peke yake.

Kila mmoja wetu alipotimiza miaka saba, baba alimpeleka mlimani kutwa nzima, wawili tu. Zamu yangu ilipofika alinipa kiberiti chenye njiti moja, akaniambia niwashe moto wa chai. Mimi nilirundika kuni nene harakaharaka, nikawasha, ikazimika. Nikatupa kiberiti chini, nikakaa, nikagoma kusema. Tulikula mkate mkavu na maji baridi ya chemchemi. Hakunigombeza. Wakati tunashuka ndipo akasema, "Mama, wewe ukikasirika unafanya moja ya mawili. Unaharakisha, au unagoma. Hapo katikati huna." Nilikuwa na miaka saba na mtu huyu alishanisoma mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye mluzi, maana ndio kiini cha maneno yote haya.

Baba hakuingia kwake bila kujibiwa. Akifika langoni alipiga mluzi mara mbili, mmoja wa chini, mmoja wa juu. Aliyeko ndani alitakiwa kujibu kwa mluzi mmoja. Ndipo alipofungua lango. Ilikuwa hivyo mchana, ilikuwa hivyo mvua ikinyesha, ilikuwa hivyo hata pale alipotuona kwa macho yake tumekaa barazani. Mama aliyejifunza kupiga mluzi ukubwani, akiwa na pete ya ndoa kidoleni, alikuwa akijibu huku anakaanga vitunguu. Majirani walitucheka, na mimi nikiwa msichana wa shule niliona haya mpaka basi. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Ni adabu tu, mama. Unabisha hodi, unaitikiwa, unaingia."

Kando ya lango palikuwa na jiwe bapa alilolisukuma mwenyewe kutoka barabarani. Alikaa hapo kuvua buti, ili asiingize tope la mama kumgombeza. Siku moja mama akiwa sokoni, mimi na kaka tulikubaliana tusijibu, tuone atafanya nini. Akapiga. Tukajibana nyuma ya mlango tukicheka. Akapiga tena baada ya kitambo. Kimya. Akakaa kwenye jiwe. Mvua ikaanza, kubwa, na baba akabaki palepale akiwa ameshika begi lake magotini, mpaka mama aliporudi na vikapu na kumkuta ameloa chepechepe. Sisi ndani tulikuwa tumeacha kucheka zamani, lakini tuliogopa kujibu kwa kuchelewa. Hakutuchapa. Alibadilisha nguo, akala, akalala. Ni mama aliyetuvuta masikio akasema kwa sauti ya chini, "Msirudie. Hata kwa utani msirudie." Tukaahidi. Kaka alitimiza.

Mama alipofariki, kujibu kukawa kazi yangu. Wakati huo ndoa yangu ilikuwa imenishinda, nimerudi nyumbani na cherehani na masanduku mawili. Nilijiandaa kwa maswali. Baba alibeba cherehani mwenyewe, akaiweka kwenye chumba cha mbele penye mwanga wa dirisha, akasema, "Hapa utaona vizuri," akaenda zake kumwagilia mboga. Miaka tisa tuliishi hivyo. Mimi na cherehani yangu, yeye na mlima wake. Alikuwa amestaafu, lakini alilipitia bomba vilevile, bila kulipwa, siku tatu kwa wiki, eti hao vijana wa siku hizi wanakagua kwa simu. Matunda meusi sasa aliniletea mimi. Na mimi nililalamikia shati.

Halafu moyo ukaanza. Alidondoka mara ya kwanza jikoni, akainuka mwenyewe, akasema ameteleza. Mara ya pili hakuweza kudanganya. Daktari akamwandikia vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, na akasema milima sasa basi. Vidonge vilikuja kwenye kichupa chenye kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha, kile walichokitengeneza ili watoto wasifungue. Kikawashinda watoto na kikamshinda baba. Kushika chupa kwa vidole viwili, kubonyeza kwa kiganja cha kushoto, kuzungusha, haikuwezekana. Alijaribu wiki nzima. "Nimetegua mabomu ya ardhini," alisema, "halafu kitu hiki." Nilitaka kuvihamishia kwenye kopo la kawaida, mwenye duka la dawa akakataa, akasema visitolewe kwenye chupa yake vitapoteza nguvu. Basi tukapatana hivi: kifuniko hakikazwi. Kinakaa juu ya chupa kimelegea, chupa inakaa juu ya friji, na kifua kikibana ananiita.

Kubeba vidonge mlimani alikataa. Kifuniko kilicholegea kingevimwaga, na kilichokazwa asingekifungua, kwa hiyo havina maana, alisema. Ilikuwa hoja nzuri, na mimi hoja nzuri zinanipandisha mori. Nikamwambia basi asiende kabisa. Tukavutana majuma kadhaa. Nikampigia kaka, ambaye ni dereva wa malori na huwa njiani siku zote, nikitegemea ataniunga mkono. Kaka akacheka. "Mwache mzee akanyooshe miguu. Ukimfungia ndani ndiyo utamuua." Wiki iliyofuata akapita na buti mpya za ngozi, akamvalisha baba mwenyewe pale kwenye jiwe, wakaangaliana kama wamenishinda kesi.

Asubuhi ya siku ile baba aliamka mapema, akavaa buti mpya. Nikamwambia, "Baba, leo hapana. Jana umebanwa mara mbili." Akasema anafika kwenye lile daraja dogo tu, anarudi. Nikamwambia beba vidonge basi, mtu yeyote njiani atakufungulia. Akasema njiani hakuna watu, ndiyo maana anaenda. Akatabasamu aliposema hivyo. Hapo nikawaka. Nikachukua ile chupa juu ya friji, nikashindilia kifuniko kwa kiganja, nikakizungusha mpaka kikalia tik. "Haya," nikasema, "kama huvihitaji tuvifunge kabisa." Nikaibwaga pale juu ya friji, nikaingia chumba cha mbele, nikawasha cherehani. Sikumwambia kwaheri. Yeye aliniambia, nilisikia, ingawa cherehani ilikuwa inanguruma.

Alirudi saa tisa na nusu mchana. Cherehani ilikuwa imezimwa, nilikuwa napindua kola ya shati kwa mkono, nyumba imetulia. Nikasikia buti zinakuja, nikasikia zimesimama. Kisha mluzi. Wa chini, wa juu. Haukuwa na nguvu sana, lakini ulikuwa mluzi, na niliusikia vizuri kabisa.

Sikujibu.

Nitaeleza nilivyowaza, bila kujipamba. Niliwaza: leo na wewe ngoja kidogo, uonje. Niliwaza: akipiga mara ya pili nitajibu. Nikasubiri mara ya pili. Haikuja. Nikasema moyoni, anajifanya mkaidi, haya, tuone nani atachoka. Nikamaliza kola. Nikashona vifungo sita, nakumbuka idadi. Nilikuwa na hasira tamu, ile ya kujua kwamba mtu unayempenda yupo hatua kumi na tano kutoka ulipo na hawezi kuingia mpaka utake wewe. Vifungo vilipoisha hasira nayo ilikuwa imeisha. Nikatoka na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameegemea nguzo ya lango, kamba za buti hazijafunguliwa. Jirani aliwasha gari lake tukampeleka hospitali, lakini nesi aliyetupokea alimgusa shingoni mara moja tu kisha akanishika mimi. Walinirudishia nguo zake kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Niliutupa juu ya kabati bila kuufungua.

Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya jeshi iliyopauka. Alikuwa na baba vitani, na tangu utotoni tulimwita baba mdogo, ingawa alikuja mara moja kwa miaka mingi. Watu walipopungua alikaa kwenye lile jiwe langoni, akaniita. "Binti, kwenye wasifu hukutaja mluzi."

Nikasema ni mambo ya nyumbani tu.

"Si ya nyumbani," akasema. Akaniambia walikuwa watu tisa kwenye kituo cha porini, na amri ilikuwa hivi: anayerudi anapiga mluzi mara mbili, aliye zamu anajibu mmoja. Alfajiri moja yenye ukungu baba alikuwa zamu. Rafiki yake aliyelala naye hema moja alikuwa ametoka kuchota maji, akarudi bila kupiga, pengine alisahau, pengine mdomo ulikuwa na baridi. Baba akaona kivuli kinakuja, akafyatua. Alifika wa kwanza, akamkuta na ndoo bado mkononi.

"Baba yako hakuwa mtu wa kusema," akaendelea. "Lakini tangu hapo hata msalani alipiga mluzi."

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni siku nne. Nikamuuliza, na mtu akipiga asijibiwe, anafanya nini?

"Anapiga tena. Asipojibiwa, anakaa chini palepale. Hasogei, haiti. Anasubiri mpaka atolewe. Anayesogea ndiye anayekufa."

Nilimshukuru. Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mboga zake, nikazimwagilia mpaka giza likaingia.

Kumbe kaka naye alikuwa na yake. Baada ya mazishi hakurudi kazini. Lori liliegeshwa wiki, kisha mwezi, kisha miwili. Wifi akanipigia simu analia, anasema mumewe halali, hali, anazungumza habari za buti tu. Nikaenda kwao. Nilimkuta sebuleni amekaa gizani mchana kweupe, mapazia yamefungwa, amekonda mpaka shati linamning'inia. Akasema, "Mimi ndiye niliyemuua mzee. Wewe ulimzuia, mimi nikampa buti." Nikamwambia si kweli. Akasema, "Wewe ulifanya lako lote. Wewe huna deni." Nilikuwa na nafasi hapo. Mdomo wangu huu ambao hauna breki, siku hiyo ukafunga. Nilimpikia uji, nikampa, nikaondoka. Kaka yangu alikuwa anazama kwa kosa langu na mimi nikamkorogea uji.

Nilipofika nyumbani nikapanda kiti, nikaushusha ule mfuko wa hospitali. Sijui nilitafuta nini. Nadhani nilitaka kuadhibiwa na kitu. Shati lilikuwa limekauka na kukakamaa. Mfuko wa kulia ulikuwa mweusi kwa matunda, machache, yameshaota ukungu. Mfuko wa kushoto ulikuwa na ile chupa ya vidonge.

Nilikuwa nimeiona haipo juu ya friji, nikadhani waliokuja kusaidia kazi za msiba wameitupa. Kumbe aliibeba. Nilipokuwa nimejifungia na cherehani yangu, alipita jikoni akaichukua, kimyakimya, asinipe furaha ya kushinda. Kifuniko kilikuwa kimekazwa kama nilivyokikaza. Ukingoni kilikuwa na alama za meno, nyingi, pande zote, na sehemu moja plastiki ilikuwa imemeguka. Vidonge vyote vilikuwa ndani.

Nikakaa sakafuni. Mluzi ule mmoja haukuwa wa hodi. Baba yangu ambaye hakuwahi kuomba msaada wa mtu alikuwa anaomba nimfungulie chupa, kwa njia pekee aliyoijua, na pumzi ilimtosha mara moja.

Siku iliyofuata nilirudi kwa kaka. Nikamtaka wifi atuache. Nikaweka chupa mezani, nikamweleza yote, kuanzia kifuniko kilicholia tik mpaka kifungo cha sita. Nikamweleza na maneno ya baba mdogo. Kaka aliichukua chupa, akapitisha kidole gumba kwenye zile alama, akaibonyeza, akaizungusha, ikafunguka mara moja. Akaifunga. Akainuka akaniambia, bila kupandisha sauti, "Nenda nyumbani kwako." Nilifika mlangoni akaongeza, "Miezi miwili, dada. Miezi miwili umeniangalia."

Alichosema ndicho nilichofanya. Wifi alinitumia ujumbe baadaye kwamba amerudi kazini, anakula. Nilifurahi na nikaumia vilevile. Simu zangu hakupokea. Nilishona, nikapeleka kazi za watu, nikarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayebisha. Niligundua nimeanza kujibu mluzi wa kila mtu. Muuza maziwa akipita anampigia mbwa wake mluzi, mimi ndani nimeshaitikia. Mtaani wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa, na sijawakatalia.

Mwezi wa pili wa ukimya huo, alasiri, nilikuwa nashona sare za shule, kitambaa kigumu, cherehani inapiga kelele kweli. Nilipoinua mguu kubadilisha uzi nikaona kupitia dirishani pua ya lori imesimama kwenye kona. Injini ilikuwa imezimwa. Nikasubiri nisikie lango. Nikahesabu kidogo. Halafu nikashtuka, nimeanza tena, nimekaa nasubiri mtu apige mara ya pili. Nikatoka mbio na futi ya kupimia nguo shingoni, kiatu kimoja mguuni.

Kaka alikuwa amekaa kwenye jiwe la baba, mikono magotini.

"Mbona huingii?" nikamuuliza.

"Nimepiga mluzi," akasema. "Mara mbili. Hukujibu."

"Sikusikia. Cherehani ilikuwa inanguruma."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ndicho nilichotaka kujua," akasema polepole. "Kwamba mtu anaweza kuwa mle ndani asisikie. Cherehani ina kelele, dada. Na mluzi wake siku ile, umesema mwenyewe, haukuwa na nguvu."

Nikaelewa alichoniletea. Alikuwa ameendesha lori kutoka huko kote kuniletea njia ya kutokea. Angeweza kuniamini, mimi ningeweza kujiamini, tungeingia ndani tukanywa chai na wasifu ungebaki ukurasa mmoja. Nilikuwa nimemkosa mno. Nusura niichukue.

"Siku ile cherehani ilikuwa imezimwa, kaka," nikasema. "Nilisikia."

Muuza maziwa akapita, akatusalimia, hakuna aliyemwitikia.

"Najua," akasema.

Kisha akasogea upande mmoja wa jiwe, akanipa nafasi nikae.